Daftari Ndilo Mdomo Wetu

(Mazungumzo ya Mweka Hazina katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Mtwara. Yamechapwa hapa kama yalivyosemwa, isipokuwa mahali pachache palipofupishwa.)

    

 Mwenyekiti kaniambia, "Mama Hazina, wewe zungumza juu ya kodi." Nikamwuliza, siku ya sherehe, watu wamevaa khanga mpya, pilau iko jikoni, mimi nisimame niseme kodi? Akasema ndiyo, maana siku nyingine ukiita mkutano wa kodi hawaji. (Kicheko) Basi leo mmenaswa, kaeni mnisikilize.

Miaka kumi tumekaa kuzunguka sanduku lile lenye makufuli matatu. Tumenunua hisa, tumepigiwa mihuri, tumekopeshana, tumezikana. Watoto wamesoma kwa sanduku lile. Lakini kila mwaka, ikifika mwezi wa Juni, redio ikianza kusoma bajeti, nawaona nyuso zinabadilika. "Safari hii wametupandishia nini?" Na kila mmoja anauliza peke yake, jikoni kwake.

Sisi hapa ndio wanaoitwa watu waliojiajiri. Yupo anayenunua pweza Msimbati na kuuza mjini. Yupo wa chumvi, yupo wa muhogo kutoka Mahurunga, yupo anayepeleka khanga Kilambo kwa wateja wa ng'ambo ya Ruvuma. Wapo mama lishe, mafundi cherehani, wasusi, wakala wa fedha za simu. Hatuna mwajiri wa kutukata kodi kwenye mshahara, wala hatuna chama cha wafanyakazi cha kutusemea. Hata hilo neno "machinga" linalotumika nchi nzima, wengi husema limetokana na Wamachinga, ndugu zetu wa kusini huku, vijana waliokwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mkononi. Kwa hiyo shughuli hii ya kujiajiri haikuanza jana kwetu.

KODI NI MIKONO MITATU

Kwanza tuelewane, maana wengi tunachanganya. Pesa inayotoka mfukoni mwetu inachukuliwa na mikono mitatu.

Mkono wa kwanza ni kodi ya mapato, inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Mkono wa pili ni ushuru wa Halmashauri: sokoni, mnadani, getini. Mkono wa tatu ni tozo, zile zinazokatwa ndani ya huduma, kama kutoa pesa kwenye simu. Kila mkono una sheria yake na mahali pake pa kulalamikia. Mama akienda kugombana na mkusanya ushuru wa soko kwa sababu ya kodi ya TRA, anapoteza nguvu zake bure. Ni kama kudai deni la nazi kwa muuza mkaa.

Tuanze na huo mkono wa kwanza, maana ndio unaotutisha. Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye hatengenezi mahesabu makubwa, kodi hutozwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka, siyo faida. Narudia: mauzo, siyo faida. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi hiyo. Anayezidi milioni 4 mpaka milioni 7, hapo njia zinagawanyika. Kama hana kumbukumbu za biashara, analipa shilingi 100,000 kwa mkupuo wa makadirio. Kama anazo kumbukumbu, analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu.

Sasa tufanye hesabu, kina mama wa pweza mnifuate. Tuseme unauza wa shilingi 20,000 kwa siku, na kwa mwaka unafanya kazi siku 250, maana kuna pepo na kusi, kuna misiba na maradhi. Hiyo ni milioni 5. Katika ile 20,000, ukitoa bei ya kununulia, nauli na barafu, tuseme inabaki 3,000. Hiyo ndiyo yako.

Bila daftari unadaiwa 100,000. Gawa kwa 3,000: ni faida ya siku 33 na zaidi. Mwezi mzima unaamka alfajiri unafanya kazi ya kodi. Ukiwa na daftari, kilichozidi milioni 4 ni milioni 1, asilimia 3 yake ni 30,000. Hiyo ni faida ya siku 10. Mama ni yule yule na pweza ni yule yule. Tofauti ni shilingi 70,000, na iliyoileta ni daftari la mia tano. (Makofi)

Na yule anayeuza 15,000 kwa siku? Kwa siku 250 anafika milioni 3 na laki 7 na nusu. Yuko chini ya milioni 4. Lakini akikaa mbele ya afisa hana hata kikaratasi, afisa atajuaje? Atakisia. Ataona meza yako ina wateja, atasema wewe ni wa milioni 5 au 6. Utalia, utaapa, utataja jina la marehemu mama yako. Chozi haliandikwi kwenye fomu.

WALIOSEMA KABLA YETU

Wapo wanaosema, "Mwanamke na kodi wapi na wapi? Kupinga kodi ni mambo ya wanaume." Nawaambia rudini nyuma kidogo.

Miaka ya 1940, wakati wa Mwingereza, kule Upare waliletewa kodi mpya iliyoitwa mbiru. Mtu alikuwa akikadiriwa kwa mali yake, alipe juu ya kodi ya kawaida. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni yale makadirio: nani kakaa, kanihesabia vipi, mbona mimi hivi na jirani vile? Maelfu ya wanaume walitoka milimani wakaenda kukaa Same, makao ya wilaya, wakidai wasikilizwe. Wakakaa muda mrefu. Huko nyuma mashamba na watoto walibaki kwa nani? Kwa wanawake. Mwisho wake wanawake nao wakaandamana Usangi, wakamkabili mkuu wa wilaya, wakidai mambo ya kodi yaishe waume zao warudi nyumbani. Kodi ile haikumaliza muongo huo.

Ndugu zangu, zaidi ya miaka 70 imepita na malalamiko ni yale yale. Siyo "sitaki kulipa." Ni "umenihesabia vipi?"

Njooni karibu zaidi. Mwezi Julai 2021 zilianza tozo za miamala ya simu. Mnakumbuka. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Sisi wenye vikundi tuliumia, maana hisa za wanachama walio mbali huja kwa simu, marejesho huja kwa simu, na mchango wa msiba huja kwa simu. Watu nchi nzima wakasema: sokoni, redioni, bungeni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda Mahakama Kuu. Wengine wakarudi kubeba pesa kwenye pindo la khanga, na hilo nalo ni kusema. Serikali ikapunguza kwa asilimia 30 mwaka huo huo wa 2021. Ikapunguza tena 2022. Mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa, ikabaki ya kutoa. Haikuisha yote, lakini tazameni ilipoanzia na ilipofika.

Na Kariakoo je? Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka. Walikuwa na mambo yao waliyoyataja kwa majina: kusajili stoo, kamatakamata ya kikosi kazi, faini. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao Mnazi Mmoja, akasimamisha usajili wa stoo na kikosi kile. Juni 2024 wakafunga tena, na safari hii mgomo ukaenda mpaka mikoa mingine. Oktoba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, mwenyekiti wake Balozi Ombeni Sefue, ipokee maoni ya watu juu ya kodi.

Majirani zetu Kenya nao, mwaka 2023 ililetwa bungeni kodi ya asilimia 15 kwa vijana wanaojipatia riziki kwa kutengeneza vipindi na picha za mitandaoni. Vijana wakapiga kelele yenye hesabu ndani yake, na iliyopitishwa ikawa asilimia 5. Mwaka uliofuata, Juni 2024, muswada mzima wa fedha uliondolewa, lakini baada ya vijana wengi kupoteza maisha barabarani.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo.

KUFUNGA MEZA SI KWETU SOTE

Baadhi yenu mmeniuliza, "Mama Hazina, na sisi tugome, tusiuze wiki nzima, waone." Nawajibu kama mweka hazina, siyo kama mwanasiasa.

Mwenye duka Kariakoo akifunga siku tatu, mali yake iko ndani, keshokutwa atauza. Mama lishe akifunga siku moja, mchele wa jana umeliwa, wa leo haukununuliwa, na jioni watoto wanamtazama. Pweza hamgoji mgomo, anaoza. Katika miaka kumi ya kitabu chetu cha mikopo nimeona: mwanachama akikosa biashara wiki mbili, rejesho linalofuata haliji kamili. Sasa tugome wote kwa pamoja, sanduku lile litapumua kwa pua gani?

Na sisi watu wa Mtwara tuna kumbukumbu. Januari na Mei 2013, wakati wa mambo ya bomba la gesi, hoja ilikuwepo na watu walikuwa na haki ya kuuliza mali yao inakwenda wapi. Lakini tuliona maduka yamefungwa, nyumba zimechomwa, watu wamekufa, na wanawake wamekimbia na watoto. Walioumia zaidi ni wale wanaokula walichouza leo.

Sisemi tunyamaze. Anayenyamaza ndiye anayekadiriwa. Nasema tuchague silaha ambayo haituui sisi wenyewe.

TUSIJIDANGANYE

Jambo lingine, na hili huenda lisipendeze. Tusiseme hatutaki kodi kabisa. Humu ndani kuna waliopata mkopo wa Halmashauri usio na riba. Ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na sheria iliwekwa mwaka 2018. Mapato ya ndani ni nini? Ni ule ushuru wa sokoni, wa mnadani, wa samaki. Mikopo ile iliposimamishwa Aprili 2023, tulinung'unika mpaka iliporejeshwa 2024. Huwezi kunung'unikia kisima kikikauka, huku unamkataza kila mtu kuchota maji ya kukijaza.

Tunachotaka ni kodi inayolingana na biashara, inayoeleweka, yenye risiti, na isiyolipwa mara mbili. Hilo mtu yeyote mwenye akili atalisikiliza.

Nitoe mfano. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na ikafuta ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwenzetu mmoja alikuwa na magunia mawili ya muhogo mkavu kwenye bajaji, akasimamishwa kwenye geti moja, akaambiwa alipe. Hakutukana. Alisema, "Mwanangu, gunia mbili zinafika tani? Kama zinafika, niandikie risiti, uandike na uzito." Yule kijana akapiga simu, akazungumza pembeni, akarudi akasema, "Pita, mama." (Kicheko na makofi) Mama yule hakuwa na elimu kubwa. Alikuwa amehudhuria kikao chetu cha Jumamosi ile tulipolisoma jambo hilo.

SASA TUFANYE NINI

Nina mambo manne, mtayakuta pia katika kitabu hiki ili msiseme mama yule alizungumza yakapotea.

La kwanza. Kila mwanachama awe na daftari la biashara yake, mbali na kitabu cha hisa. Mistari mitano yatosha: tarehe, nimenunua kwa kiasi gani, nauli na ushuru, nimeuza kiasi gani, kimebaki nini. Risiti zibandikwe au zitiwe kwenye bahasha ya mwezi. Asiyejua kuandika ana mtoto au mjukuu. Amwandikie jioni, dakika tano tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa tumeona kuwa hata mdomo bila daftari haufiki mbali.

La pili. Tenganisheni pesa ya biashara na pesa ya kikundi. Mgao wa mwisho wa mwaka, mkopo, mchango wa mazishi, vyote vinapita kwenye simu zetu. Mtu akitazama simu yako tu, atadhani ni mauzo. Mimi mwenyewe simu yangu ikitazamwa, nitaonekana tajiri wa Mikindani! (Kicheko) Lakini vitabu vya kikundi vinaonyesha kila shilingi ni ya nani. Kikundi kimesajiliwa, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, kwa hiyo vitabu vyetu vina uzito. Mwanachama akihitaji barua ya kuthibitisha mkopo wake, aje, tutamwandikia.

La tatu. Tujue siku na milango. Makadirio ya TRA hulipwa kwa awamu nne za miezi mitatu mitatu, siyo lazima ulipe kwa pigo moja. Ukiona umekadiriwa isivyo, sheria ya mwaka 2015 ya usimamizi wa kodi inakupa siku 30 kuandika pingamizi. Siku 30, siyo "nikipata nafasi." Lakini mjue pia kwamba pingamizi lina sharti la kulipa kwanza sehemu ya kodi: kile usichokibishia, au theluthi moja ya ulichodaiwa, kilicho kikubwa. Unaweza kuomba upunguziwe sharti hilo, ila lazima utoe sababu kwa maandishi. Na pako mahali pengine pa kupeleka malalamiko, Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Kwa ushuru wa Halmashauri, sheria ndogo inapotaka kutungwa hutangazwa kwanza ili wakazi watoe maoni. Tangazo lile hubandikwa ubaoni, sisi tunapita tunatazama matangazo ya ngoma. Kuanzia sasa katibu wetu apite kwenye ubao ule kila mwezi.

La nne, na ndilo kubwa. Tuseme kwa pamoja na kwa hesabu. Kila mwaka, kabla muswada wa fedha haujapitishwa, Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni juu yake. Wafanyabiashara wakubwa hupeleka makabrasha. Waliojiajiri wa Msangamkuu na Msimbati hawapeleki kitu, halafu Julai tunashangaa. Napendekeza tuchukue madaftari ya wanachama watakaokubali, bila majina yao, tutoe wastani: muuza pweza huuza kiasi gani, humbakia kiasi gani, hulipa nini kwa mikono yote mitatu. Karatasi moja tu. Tumpe diwani, tumpe mbunge, tuitume Dodoma. Vikundi vingine vya Mtwara na Lindi vikifanya hivyo, hiyo siyo kelele tena, ni ushahidi. Tena tuiombe Serikali itazame neno lile nililorudia: mauzo, siyo faida. Muuza samaki mbichi na msusi wanaweza kuuza sawa, lakini msusi hubakiwa na kingi na muuza samaki hubakiwa na harufu. (Kicheko) Kuwapima kwa kibaba kimoja siyo haki, na hakuna atakayelisema hilo vizuri kuliko sisi tunaolijua.

Ndugu Mwenyekiti, najua pilau imeiva. Nimalizie kwa kuwaomba wenzangu jambo moja. Tulipoanza miaka kumi iliyopita, wapo waliotucheka, wakasema wanawake watagombana kabla ya mgao wa kwanza. Hatukugombana, kwa sababu kila shilingi iliandikwa mbele ya macho ya wote. Ule uaminifu wa kuandika tuutoe kwenye sanduku, tuupeleke kwenye meza zetu za biashara.

Kamati imenunua madaftari, yako pale mezani kwa katibu. Kila mmoja achukue lake kabla ya kwenda kula, na ukurasa wa kwanza aandike mauzo ya leo. Ambaye leo hakuuza kwa sababu ya sherehe aandike sifuri, maana sifuri nayo ni kumbukumbu.

Nawatakia miaka mingine kumi yenye heri.  (Makofi na vigelegele)